Kisahani Kisichobanduka

Mwenyezi Mungu atuepushe na dhana mbaya, mimi wa kwanza, maana nimewahi kumdhania mtu mwema na hadi leo sijamwomba radhi. Sogeeni basi, niwape kisa mkiamue.

Katika karakana ya taasisi moja ya fizikia walikuwapo mafundi watatu. Binti aitwaye Sikujua alisugua visahani vya shaba nyekundu mpaka ukajiona uso. Mbaruku aliyeyusha madini ya titani ndani ya chungu kisicho na hewa, mvuke wake ukatanda juu ya shaba. Rehani aliinywesha ile titani gesi ya deuteri, nduguye haidrojeni aliye mzito. Kisahani kikishiba, wanafizikia hukipiga kwa miale, wakapata chembe za nyutroni za majaribio yao.

Lakini Ramadhani ile, kila kisahani kilichonywa gesi kilibanduka titani yake kama ngozi ya kitunguu. Mkuu wao, Bi Thureya, akasema, "Sikukuu ikipita nabaki na fundi mmoja. Atakayenipa kisahani kizima, huyo."

Toka hapo hakuna aliyemwamini mwenzake.

"Dada, umeshika shaba na mafuta ya chapati," Mbaruku alimwambia Sikujua.

"Chapati mchana wa Ramadhani?"

"Kufunga tumbo si kufunga vidole."

Rehani akacheka, na Sikujua akakiona kicheko kile kina jambo. Nyumbani kwao ni yeye tu aliyekuwa na kazi. Akashuku kwamba Mbaruku ndiye anayegusa visahani ili lawama zimwangukie yeye. Basi akachukua msasa, akakikwaruza kisahani chake kizuri mpaka kikafifia, ili kidole kikikigusa, alama ionekane.

Mbaruku alipokipokea alijisemea, "Huyu kanipa uchafu makusudi." Akapaka titani nusu ya kawaida. Nusu akaificha, aje aitumie kwenye kisahani atakachosugua mwenyewe.

Rehani naye akauona utando mwembamba. "Kapunja huyu. Kikibanduka, watasema gesi yangu." Kawaida alifungulia koki mara moja, akaenda zake. Safari hii alikaa akichungulia kidirishani mwa chombo, akiachia gesi kidogo kidogo, ashuhudie mwenyewe ngozi itakapoinuka.

Haikuinuka. Kisahani kilitoka kizima, kikapigwa miale, nyutroni zikamiminika.

"Nani kafanya nini?" Bi Thureya akauliza. "Msiponieleza hatutapata kisahani cha pili, na mtatoka wote."

Wakasema, kila mmoja akianza na kosa la mwenzake.

Bi Thureya akatikisa kichwa. "Shaba laini isingeishika titani. Titani nene ingevimba ikapasuka. Gesi ya haraka ingeirarua. Hata mmoja wenu tu angefuata maagizo yangu ya kawaida, kingebanduka."

"Basi bila mkwaruzo wangu..." Sikujua akaanza.

"Ulikuwa unanitega, dada!"

"Na wewe ulificha titani!"

"Mimi sikutega wala sikuficha," akasema Rehani.

"Ulikaa ukingoja tuharibikiwe!" wakamjibu kwa pamoja.

Sikujua akautazama msasa wake. Alijua msasa ule haukushikwa kwa nia njema. Alijua pia nani wanamtazamia nyumbani, na kazi ni moja.

Je, wewe ungeamua vipi, umpe nani? Ombi langu ni hili tu: ukitaja jina, litaje wote wakisikia. Usininong'oneze.