Moto Siku ya Kimya

Hapo zamani, kabla chuo cha masista pale kilimani hakijapokea wavulana, kilikuwa cha wasichana watupu, waliosomea ualimu. Tulieni basi, na msinikatize.

Kila mwaka, kabla ya vyeti, wasichana waliingia mafungoni: siku tatu za sala, hakuna kusema hata neno. Mmoja wao, Eufrasia, alishaonywa mara mbili kwa kuvunja kimya. Sista Redempta, mkuu wa chuo, alimwambia, "Mara ya tatu, binti, unarudi kwenu bila cheti." Na huko kwao mama yake alishatangazia kijiji kizima kwamba mwanawe ni mwalimu!

Mchana wa siku ya pili, Eufrasia akaona moshi ofisini. Mle ndimo lilimokaa daftari la majina ya wahitimu wote tangu chuo kianze, na nakala nyingine haikuwapo. Aseme? Asiseme?

Akamkimbilia Sista, akamvuta mkono. Sista akadhani ni utundu wake uleule. Akamnyooshea kidole kanisani, rudi ukasali. Eufrasia akamkimbilia Mama Skolastika, mpishi, ambaye hakufungwa na kimya. Mpishi akanusa. "Maskini, maharage yangu!" Huyoo, jikoni.

Eufrasia akabaki uani, mkono mdomoni. Moshi ukawa mweusi. Ndipo akapiga yowe, "Moto! Moto jamani!"

Waliuzima, lakini nusu ya daftari ilikuwa majivu. Walimu waliohitimu katika miaka kumi na miwili hawana tena pa kuonyesha kwamba walisoma.

Mama Skolastika akalia, "Pasi ya mkaa niliiacha mimi mle ofisini, nilipokuwa nanyoosha vitambaa vya meza. Lakini si wewe Sista uliyeniita haraka haraka?"

"Nilikuita, sikukwambia uiache inawaka. Na huyu binti aliona, akanyamaza!"

"Nilikuvuta mkono, Sista. Ningekwambia kwa mdomo gani, na mdomo mmeufunga ninyi?"

"Ulipoufungua, ulichelewa."

"Nilipoufungua, nusu ikapona."

Sista akalivuta daftari. Akafungua ukurasa uliosalimika, akaanza kuandika wahitimu wa mwaka ule, jina baada ya jina. Alipofika kwa Eufrasia, kalamu ikasimama. Eufrasia akaikodolea macho.

Haya, ninyi hamko mafungoni, midomo mnayo. Kati ya watatu hao, je, nani alistahili lawama? Semeni upesi, kalamu bado imesimama.