Kibanda cha Harufu za Wagonjwa

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi wanyama walipokuwa na majiko yao na majirani wa kuwasengenya, Pimbi aliishi na mama yake katika pango dogo juu ya majabali. Mama alikuwa mzee. Magoti yalikuwa yamekakamaa, hawezi kusimama wala kutambaa. Kila asubuhi Pimbi alimkanda kwa mafuta ya nyonyo, kisha akachukua kibuyu na kwenda kutafuta maji.

Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kikali, na kisima kilikuwa mbali. Pimbi akiwa njiani, roho haikumtulia hata kidogo. Je, mama akianguka? Je, akiita, nani atamsikia? Alikwenda mbio, akarudi mbio, na kwa ile pupa yake nusu ya maji yalimwagika.

Basi siku moja Mzee Kuro, aliyekaa peke yake bondeni, akakutwa amekufa kwa kiu. Hata majirani zake hawakujua kwamba alikuwa hajiwezi. Nchi nzima ikaona haya.

Tembo, mkuu wa nchi, akaita baraza.

"Aibu gani hii!" akapaza sauti, vumbi likatimka. "Tuna wazee, tuna vilema, na hatujui wako wapi wala wanahitaji nini! Kuanzia leo tuna Mpango Mkuu wa Nchi Nzima wa Kuwatambua na Kuwatunza Wanyama Wazima Wasiojiweza!"

Jina hilo lilikuwa refu kuliko mkonga wake, lakini wanyama walipiga makofi hata hivyo, kwa kuwa jambo lenyewe lilikuwa jema.

Sasa taarifa zitawekwaje? Wanyama hawakujua kusoma, ila pua walikuwa nazo. Ikaamuliwa kila nyumba yenye mgonjwa ikate kipande cha tandiko lake, kitundikwe katika kibanda kimoja katikati ya nchi. Mpeleka maji atakuja, atanusa kitambaa, nff, nff, kisha atafuata harufu ile mpaka mlangoni kwa mgonjwa.

"Na nani atakilinda kibanda?" akauliza Nyati.

"Mimi hapa!" Fisi akaruka mbele. "Pua yangu haisahau harufu. Tena wazee nawapenda, jamani. Nawapenda mno!" Udenda ukamtiririka mpaka kifuani.

"Mnaona huruma yake?" akasema Kifaru, ambaye macho yake, kama mjuavyo, hayaoni mbali. "Analia masikini!"

Pimbi aliona kwamba udenda ule si machozi. Akainuka aseme neno. Nyati akamgeuzia yale mapembe yake, naye akarudi nyuma. Akakaa.

Vitambaa vikaletwa, kibanda kikajaa. Na maji yalipelekwa kweli, tusiseme uongo. Bibi Swala, jirani wa chini ya majabali, alipata mtungi kila asubuhi, na Pimbi akatamani na mama yake apate. Lakini kila alipokishika kisu akate kipande cha tandiko, alikumbuka udenda wa Fisi, akakiweka chini.

Asubuhi moja akipita kwa Bibi Swala, akaona mlango wazi, mtungi umepinduka, na kitanda kitupu. Akaenda mbio kibandani. Kitambaa cha Bibi Swala hakipo.

"Bwana Fisi, Bibi Swala yuko wapi?"

"Amepona," akasema Fisi, huku akichokonoa meno. "Amekwenda kwa wanawe."

"Ala! Si alikuwa hawezi hata kusimama?"

"Ndiyo uzuri wa mpango, binti. Na mama yako je? Mbona hujatuletea harufu yake? Analala pango la mbele au la nyuma?"

Pimbi akageuka, akaenda zake upesi.

Baadaye Mzee Ngiri, mgonjwa mwingine wa mpango, naye "akapona". Tembo akaja na Nyati na Kifaru kukagua kibanda, akavitazama vitambaa, akatabasamu masikio yakapepea.

"Vinapungua! Wagonjwa wetu wanapona! Mpango umefaulu!"

"Tuwafundishe na nchi jirani!" Nyati akadakia.

Pimbi akajikaza, akamfuata Tembo njiani. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sema upesi, nawahi kupumzika. Magoti haya, aaah! Yananiua."

"Mzee, Bibi Swala hakupona. Nahofia ameliwa."

"Una ushahidi?"

"Sina, mzee. Ila moyo wangu..."

"Moyo hautundikwi kibandani, binti. Sisi tunakwenda kwa vitambaa."

Kifaru akaongeza, "Tena wewe ndiye uliyebaki! Kesho usipoleta kitambaa cha mama yako, hupati tone. Kisima tumekifunga. Maji yote sasa yanatoka kwa mpango."

Mtume! Pimbi alirudi nyumbani machozi yakimlengalenga. Akipeleka kitambaa, Fisi atakuja. Asipopeleka, kiu itakuja. Huku kifo, kule kifo, na mama mwenyewe amelala pale, midomo imekauka.

"Mwanangu, unahema kama umefukuzwa," mama akasema. "Kuna nini?"

Pimbi akamweleza yote. Mama akasikiliza, kisha akauliza, "Mkubwa huyo, mwenye nguvu zote zile, naye ana magoti?"

Pimbi akamtazama mama. Akatazama chungu cha mafuta ya nyonyo.

"Mama, nipe mafuta yako. Yote."

"Chukua. Magoti yangu yamekwisha zoea kuuma."

Asubuhi Pimbi akamfuta mama mafuta ya jana kwa majivu, mpaka harufu ikamtoka. Mama aliuma meno, hakulalamika. Ndipo Pimbi akabeba chungu mpaka kwenye pango kubwa la mlimani, ambako Tembo huingia kila adhuhuri kulamba chumvi na kupumzika. Mle ndani giza tupu.

"Hodi, mzee! Nimekuletea dawa ya magoti."

"Karibu, karibu! Paka hata mgongoni!"

Pimbi akampaka. Akamkanda magoti, akampaka na mbavu, na tumbo, mpaka chungu kikalia kwa utupu. Akamfuta goti kwa kitambaa, akakikunja.

"Sasa sikiliza, mzee. Dawa hii ina mwiko. Lala gizani, usitoke. Na usiseme neno hata usikie nini, mpaka nirudi. Ukisema tu, dawa inakimbia!"

"Hata nikikohoa?"

"Hata ukikohoa, mzee!"

Tembo akafunga mdomo. Pimbi akatoka, akajisugua mikono kwa mchanga mpaka ikawasha, akaenda kibandani.

"Hiki hapa," akamwambia Fisi. Sauti ilitetemeka, wala haikuwa ya kuigiza. "Mama amelala pangoni. Haoni, hasimami. Na mimi sasa naenda kutafuta kuni."

Fisi akatia pua. Nyonyo tu! Harufu ya nyonyo ilimpanda mpaka utosini, hakusikia kitu kingine chochote. "Aah! Mgonjwa hasa huyu," akasema. "Nenda, binti. Nenda ukatafute kuni nyingi."

Pimbi akakimbilia juu ya majabali, akajilaza kifudifudi akichungulia. Haikupita muda, Fisi huyo! Nff, nff, nff, pua chini, mkia juu. Akafika njia panda. Mkono mmoja ni mlimani kwa Tembo. Mkono wa pili ni hapa, kwa mama.

Fisi akasimama. Akanusa mlimani. Akanusa huku.

Pimbi akakumbuka kitu, akahisi baridi mwili mzima: matone! Alipobeba chungu asubuhi, kilimwagika njiani. Lo! Pupa yake imemponza!

Fisi akapiga hatua moja kuelekea kwa mama. Akapiga ya pili. Pimbi akaziba mdomo asipige yowe. Fisi akanusa tena... akakunja pua. "Matone haya madogo. Mwenye harufu nene yuko kule!" Akageuka, akashika njia ya mlimani. Tamaa, wanangu, siku zote hufuata sufuria kubwa.

Pimbi akamfuata kwa mbali, moyo ukidunda du! du! du!

Fisi akaingia pangoni. Giza. Nyonyo imejaa tele.

"Hodi, bibi," akasema kwa sauti ya asali. "Ni mimi, mleta maji."

Kimya. Tembo ameshika mwiko.

"Mbona hujibu? Haidhuru. Bibi Swala naye hakujibu, nikamla kimyakimya. Mzee Ngiri alipiga kelele kidogo, lakini nani angemsikia? He he he! Kibanda kizima wameniwekea kama kabati la chakula, tena wananipigia makofi!"

Akapapasa. "Ebo! Bibi umenona hivi na kiangazi hiki? Hili paja au ukuta?"

Akafumbua taya, akauma. Kachaa!

"MAMAAA WEEE!" Tembo akasahau dawa, akasahau na magoti. Mkonga ukashuka pwaa! Fisi akaruka nje ya pango, akapita juu ya kichwa cha Pimbi, akatua kwenye miiba, puu! Akajizoa, akakimbia akichechemea hadi ng'ambo ya mpaka, na hakuonekana tena katika nchi ile.

Kelele zile ziliwaleta Nyati na Kifaru mbio.

"Vipi, mkuu? Mpango unaendeleaje?" akauliza Kifaru.

Tembo alikuwa ameketi chini, na safari hii machozi yalikuwa machozi kweli. "Nilivihesabu vitambaa," akasema, "nikafurahi vilipopungua. Kumbe nilikuwa nashangilia vifo." Akamgeukia Pimbi. "Uliniambia, binti. Uliniambia nikakufukuza."

Pimbi akasogea mbele. "Mzee, wasiojiweza lazima wajulikane, la sivyo watakufa kama Mzee Kuro. Baraza lijue ni mitungi mingapi inatakiwa kila upande wa nchi. Lakini mlango wa mgonjwa aujue yule tu ambaye mgonjwa mwenyewe amemwamini."

Siku ileile kibanda kikachomwa moto, na kisima kikafunguliwa.

Kesho yake asubuhi Tembo alifika chini ya majabali, mtungi uliojaa maji ukiwa mkongani. Mapango pale yalikuwa mengi. Hakunusa, hakuchungulia, hakuuliza mama analala lipi. Aliutua mtungi, akaita, "Hodi!" kisha akageuka akatazama upande mwingine mpaka Pimbi aliposhuka akauchukua.

Nami nawaacha hapo, wanangu, maji yakiwa yamefika, na neno lenyewe ndilo hili: habari za mnyonge ni amana, asipewe mwenye pua kali, apewe mwenye haya.