Kiti Kilichoshuka kwa Upana wa Kidole

Wahenga hawakusema kwamba kikulacho ki nguoni mwa jirani, wala mwa shemeji, wala mwa mgeni aliyelala sebuleni. Walisema ki nguoni mwako. Ubaya ni kwamba binadamu akiwashwa huanza kukagua nguo za wenzake, na za kwake huzifikia akiwa amekwisha kuwavua watu wote. Ndivyo ilivyomtokea mpima ardhi mmoja aliyekuwa na mke mwema, kazi ya heshima na baiskeli ya milimani.

Baiskeli hiyo aliitamani miaka minne kabla ya kuipata. Ilikuwa na shokapu mbele tu. Nyuma fremu ilikuwa kavu, haikunesa hata kidogo, na kila jiwe lililogongwa na gurudumu la nyuma lilimfikia kiunoni bila kubisha hodi. Mwenyewe alisema ndivyo alivyopenda, kwa kuwa baiskeli inayonesa kote humdekeza mtu. Kila siku kulipopambazuka aliipandisha kilima kilichokuwa nyuma ya mtaa, akashuka kwa njia ya mawe huku meno yakigongana, kisha akaiacha koridoni na kukimbilia kazini.

Kazini aliheshimika kwa jambo moja: hakukubali mstari uliopimwa mara moja. Waliokuwa chini yake walivuta futi kutoka kigingi cha kwanza hadi cha pili, halafu wakaanza upya kutoka cha pili hadi cha kwanza. "Kipimo cha kwenda bila cha kurudi," aliwaambia, "ni uvumi." Hata mkewe, aliyekuwa nesi, aliijua kauli hiyo kwa moyo.

Mwezi huo walikuwa na mgeni. Mdogo wa kiume wa mkewe, mwashi kwa kazi, alikuwa ameanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi na kuvunjika mguu, akaja kuuguzwa na dada yake mpaka mfupa uunge. Alikuwa mfupi wa kimo na mpana wa mabega. Alijitania kwamba ufupi wake ndio uliomwokoa, maana alikuwa karibu na ardhi hata kabla hajaanguka. Siku aliyofika alisimama koridoni kwa mkongojo wake, akainama kuitazama baiskeli chini ya kiti.

"Shemeji, hiki kibano chako..."

"Usiiguse," mpima alimkata.

"Siigusi. Nilitaka kusema tu kwamba..."

"Hata kuitazama, itazame ukiwa mbali."

Mwashi alicheka, akainua kiganja kimoja kama mtu aliyekamatwa, akarudi nyuma akichechemea. Habari ya baiskeli hakuitaja tena.

Wiki ya pili, asubuhi moja, mpima alipokaa juu ya kiti alihisi magoti yanapinda kupita kawaida. Akashuka, akatoa futi yake ya chuma, akapima. Kiti kilikuwa kimeshuka kwa upana wa kidole. Akakipandisha, akakaza kibano kinachokishika, na kwa kalamu ya wino mzito akachora mstari kwenye bomba la kiti, juu tu ya fremu. Kesho yake, kabla ya kutoka, mstari ulikuwa umezama ndani ya fremu.

Nani hushusha kiti cha baiskeli? Mtu mfupi. Mpima alikuwa mrefu, mkewe mrefu, na mfupi wa nyumba ile alikuwa mmoja tu, naye alishinda peke yake mchana kutwa. Hesabu hiyo ilikamilika upesi kuliko inavyofaa. Tena ilizaa nyingine: ikiwa shemeji anapanda baiskeli, basi mguu umepona, na kama mguu umepona, basi bendeji, mkongojo na kule kuguna kila anapoinuka vyote vilikuwa maigizo ya kula na kulala bure.

Akaanza kutega. Asubuhi moja aliporudi alinyunyiza unga kuzunguka magurudumu yote mawili kisha akaenda kazini. Jioni aliukuta unga ulivyo, hauna hata alama ya mende. Mtu mwingine angesema, basi hajaigusa. Mpima alisema, kumbe hata kuibeba anaweza. Asubuhi iliyofuata kiti kilikuwa chini. Akaifunga baiskeli kwa mnyororo na kufuli, ufunguo akautia mfukoni, na bado kiti kikashuka. Hapo akajua kwamba shemeji amechonga ufunguo wa pili. Tangu siku hiyo mgonjwa akicheka, mpima alisikia kicheko cha mtu aliyetoka kuteremka mlima. Mkewe akiufunga mguu ule, mpima alimtazama kwa pembe ya jicho, akajiambia damu ni nzito kuliko maji.

Jumamosi, aliporudi kuzungusha baiskeli, walikaa watatu kunywa chai.

"Shemeji, mguu unasemaje?" aliuliza kwa sauti ya upole uliozidi.

"Unajivuta. Dada anasema bado wiki tatu."

"Na ukiwa juu ya baiskeli unauma vilevile?"

Kijiko cha mke kilisimama ndani ya kikombe. Mwashi aliweka kikombe chake chini.

"Sijaigusa. Uliniambia nisiiguse."

"Kwa hiyo kiti kinajishusha chenyewe?"

"Ningekujibu," mwashi alisema, "lakini hutaki jibu. Unamtaka mtu."

Aliinuka akaenda kukusanya nguo zake. Dada yake alimsihi, akamshika mkono, lakini mwashi alisema tu kwamba mgeni akishaanza kupimwa ni bora aondoke mwenyewe. Alipotokomea kwenye kona, akihesabu hatua kwa mkongojo, mke alimgeukia mumewe.

"Mguu ule naufunga kwa mikono yangu. Au na mimi naigiza?"

Mpima aligeuka kuitazama baiskeli, na mkewe akalielewa jibu.

"Haya. Na hicho kiti, umeshakipima ukirudi? Au siku hizi unaridhika na uvumi?"

Maneno hayo yalimkera kuliko kumfundisha. Lakini Jumapili asubuhi, nyumba ikiwa haina mshukiwa, alipima kiti akakikuta chini kwa upana wa kidole. Kufuli ilikuwa nzima. Akakagua dirisha la sebuleni, akakagua la jikoni, akajikuta anatafuta nyayo za mtu wa mkongojo chini ya ukuta. Ndipo aibu ilipoanza kumpanda, taratibu. Akapandisha kiti hadi kwenye mstari, akakaza kibano kwa nguvu zake zote, akatia futi mfukoni. Kileleni alipima, mstari ukaonekana. Akashuka kwa njia ya mawe, gurudumu la nyuma likimrusha na kiti kikimpokea, na alipofika chini alipima tena. Mstari ulikuwa umezama. Hakukuwa na mtu pale ila yeye na uzito wake. Akakaa juu ya jiwe.

Alimkuta mwashi kwenye jengo lilelile alikoanguka. Mnyapara alikuwa amempa kona ya stoo na kazi ya kunyoosha misumari iliyopinda. Mguu aliuweka juu ya mfuko wa saruji, nao ulikuwa umevimba kwa kutembea hadi bendeji imebana.

"Nimekukosea, shemeji," mpima alisema. "Ni mimi niliyekuwa nakishusha. Kila siku, mimi mwenyewe."

Mwashi aliitazama baiskeli, kisha akamtazama mwenyewe.

"Naweza kuigusa?"

Mpima aliinamisha kichwa. Mwashi alifungua kibano, akakipitisha kidole ndani. "Kimelika. Kwa nje unaona kimefunga, kumbe hakijashika. Kilichoniangusha mimi kule juu kilikuwa kibano cha namna hii, ndiyo maana nilikiona siku ya kwanza. Nilitaka kukwambia ukakataa. Baadaye nikaogopa hata kukitaja, ungesema nimejuaje."

Akakata kipande cha bati jembamba, akakizungusha kwenye bomba, akapandisha kiti hadi kwenye mstari, akakaza.

"Turudi nyumbani," mpima alimwomba. "Dada yako hajala tangu jana."

"Mwambie dada sina kinyongo. Lakini nitakaa hapa mpaka nipone. Hapa hakuna anayenipima."

Mpima aliipanda baiskeli, akarudi peke yake. Koridoni alitoa futi kwa mazoea, akapima, na mstari ulikuwa palepale alipouacha mwashi. Kwa mara ya kwanza kipimo cha kwenda kililingana na cha kurudi. Mkewe alitokea mlangoni, akaangalia nyuma yake kama kuna mtu anayefuata.

"Mdogo wangu yuko wapi?"

Mpima aliirudisha futi mfukoni. Alikuwa amekagua unga, kufuli, madirisha na mguu wa mtu mgonjwa, asikague kile alichokuwa amekikalia mwenyewe. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.