Kiatu Hakikazwi Kama Trela

"Kiatu hakikazwi kama trela." Leo mmemsikia mwalimu wenu akimwambia hivyo mzazi mmoja mkali, mkaja mbio kuniuliza. Mmefika penyewe, wajukuu zangu, maana kiatu kilikuwa changu na aliyekikaza ni baba yangu. Chanzo chake ni hiki.

Baba, Mzee Mwanjala, alikuwa fundi wa magurudumu ya trela hapa Voi. Nati aliyoikaza yeye ilifika Malaba mpakani bila kulegea. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita na viatu vya magurudumu manne manne, nikiteleza ndani ya bwawa la kuogelea la hoteli iliyofungwa. Bwawa lilikuwa kavu, kuta zimeviringika kama bakuli. Unateremka upande huu, unapanda ule, unapinda juu, unarudi.

Shida yangu ilikuwa kupinda. Kila nikifika juu, kiatu kilikwenda mbele tu, nami chini pu! Siku niliyorudi na kidevu kimepasuka, Baba alisema, "Wakesho, ukianguka tena, mchezo huu basi." Kisha akachukua spana, akaichomeka kwenye bomba ipate nguvu, akazikaza nati zote upya. Ndivyo alivyokuwa akifanya kila nilipoanguka. Mapenzi ya fundi hayo!

Jumamosi akaja mwenyewe kutazama, spana na bomba lake mkononi. Rafiki yangu Mghoi, ambaye hakuwa amemwona, alikiinua kiatu changu na kuzungusha gurudumu kwa kidole. Halikumaliza hata mzunguko mmoja.

"Nani kakaza hivi?"

"Mimi," Baba akajibu kwa fahari. "Hiyo haing'oki."

"Shikamoo, Mzee." Sauti ya Mghoi ilipungua. "Kweli haing'oki. Lakini nati hii ya katikati inabana huu mpira ulio chini ya soli. Mpira usipobonyea, kiatu hakilali upande, na kisipolala hakipindi. Ndiyo maana anaanguka."

Baba akakitazama kidevu changu. "Kwa hiyo anayemwangusha ni mimi?"

Niliogopa atavichukua viatu twende nyumbani, yaishie hapo. Lakini aliketi ukingoni mwa bwawa, akalitoa lile bomba kwenye spana, akaliweka kando. "Nionyeshe, mwanangu," akamwambia Mghoi.

Fundi wa miaka thelathini kazini akafundishwa na msichana wa darasani kwangu. Akazilegeza nati zote robo mzunguko, akabonyeza, akalegeza tena, mpaka mpira ukatii mkono na magurudumu yakazunguka yenyewe.

Nikateremka. Nikapanda. Juu kabisa nikaegemea upande, kiatu kikanifuata, nikarudi kwa Baba nikiwa nimesimama. Alikuwa akicheka huku machozi yanamtoka. "Kumbe," akasema, "kiatu hakikazwi kama trela!"

Alikwenda kulisema neno hilo gerejini, madereva wakalibeba. Baba ameshatangulia mbele ya haki. Namshukuru kwa nati zote alizonikazia, na zaidi kwa siku ile aliyokubali kulegeza mbele ya watoto. Basi mkimwona mzazi anambana mwanawe kwa kumpenda mno, msimcheke. Mwambieni kwa adabu: kiatu hakikazwi kama trela.