Kizibo cha Mfereji

Hapo zamani, na msinikatize, kilima kimoja cha Upare kilikuwa na chemchemi moja tu, nayo ilikuwa ndani ya shamba la Mrindoko. Babu zake ndio waliofyeka msitu uliokuwa pale. Mrindoko hakuwa mchoyo. Kila mtu aliteka maji, ila kwanza alibisha hodi.

Nakijwa, mjane mwenye watoto, alichoka kubisha hodi. Akaamua kuchimba mfereji, maji yateremke yenyewe hadi mashambani. Kumbe njiani kuna mwamba. Mama wa watu akauwashia moto, ulipopata joto akaumwagia maji baridi, yaleyale ya kunywa wanawe, hadi ukaanza kupasuka. Majirani walidhani amerukwa na akili. Alifanya hivyo kiangazi kizima. Jamani, mwanamke yule alikuwa na moyo! Mrindoko alipomwona, akakata migomba yake mwenyewe ili mfereji upite.

Maji yakashuka, na ugomvi ukashuka nayo. Kila mtu alifungulia atakavyo, kingo zikabomoka. Shamba la mwisho kabisa lilikuwa la Mbonea. Mahindi yake yalikauka, lakini hakuiba hata tone. Alishinda akiziba kingo walizobomoa wenzake.

Ndipo wakakubaliana: pale juu pachimbwe bwawa, na kizibo chake kishikwe na mtu mmoja. Atakayekishika, matumbo ya wote yamo mkononi mwake. Nakijwa ndiye aliyewaletea maji, basi wakampa yeye kizibo, amkabidhi anayestahili.

"Chemchemi ni ya babu zangu, na nimeitoa kwa hiari," alisema Mrindoko. "Mtanifanya mgeni kwangu?"

Nakijwa alimheshimu sana. Lakini aliogopa: watoto wao wakikosana kesho, wanawe watarudi kubisha hodi.

"Bila mikono hii, maji yangekuwa bado kwako, baba," akamjibu.

Mbonea alisema polepole, "Mimi sina ninachodai. Ila maji yakipotea, wa kwanza kulala njaa ni mimi. Mpeni mtu asiyeweza kuwaumiza ninyi kabla hajaumia mwenyewe."

Nakijwa akalia. Aliwapenda wote wawili, na kizibo alikitaka. Viganja vyake vilikuwa bado na makovu ya moto.

Haya, ninyi mlioshiba mkakaa: Mrindoko aliyetoa, Nakijwa aliyepasua mwamba, Mbonea aliyevumilia. Kizibo kilikuwa haki ya nani? Na kingekuwa mkononi mwako wewe, ungekiachia?