Nyani na Kapu la Wakwe

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na majiko, wakwe na kesi kama sisi tu, Bi Nguchiro alikuwa na jiko la sukari guru. Mnaijua sukari guru, wanangu? Miwa inakamuliwa, maji yake yanachemshwa kwenye karai kubwa, tokota, tokota, mpaka yawe mazito. Kisha yanaganda mabonge, na mabonge yanafungwa kwa majani makavu ya mgomba.

Wafanyakazi wa Bi Nguchiro walilipwa kwa mabonge hayohayo msimu ukiisha. Swala, mjane mwenye watoto, alikuwa akiyategemea hayo tu. Kwa hiyo kila bonge lililopotea lilitoka mdomoni mwa mtu.

Na yalikuwa yakipotea. Mwizi alikuwa Bwana Nyani, jitu la mabega mapana, ambaye kazi yake ilikuwa kuchovya kidole kwenye karai na kuonja kama sukari imeiva. Kidole kimoja ndiyo haki ya mwonjaji, jikoni kote wanajua. Yeye alikutwa na mabonge kwapani.

Bi Nguchiro akampeleka barazani kwa mwamuzi, Mzee Kiboko. Nyani alipofika akajitupa chini, puu, akalia na kusema shetani alimpitia. Mzee Kiboko naye hawezi kuona chozi la mtu. Akalia pia, na chozi la kiboko si haba, waliokaa mbele walilowa. Kisha akaamua kuwa Nyani aombe radhi, afagie uwanja wa baraza, arudi kazini.

Nyani akafagia huku akipiga mluzi. Wiki haikuisha, akakutwa tena na mabonge. Akalia tena, akafagia tena. Safari iliyofuata alikuja na ufagio wake mwenyewe.

Hapo Bi Nguchiro alichoka. Alikuwa amesema weee, koo likakauka. Swala alishamwambia kwamba fungu lake lisipotimia ataondoka, na wenzake watamfuata. Jiko lingezimika hivihivi, kwa sababu ya kwapa la mtu mmoja.

"Mzee, huyu ananimaliza," alisema. "Na wenzake anawamaliza."

"Una moyo mgumu, Bi Nguchiro," Mzee Kiboko akamjibu kwa upole. "Mtoto akikunyea mkono, huukati."

Kidogo Bi Nguchiro amwambie kwamba mkono unaonyewa si wake yeye Mzee. Nguchiro hafiki hata gotini kwa Kiboko, lakini kichwa chake kinakwenda mbio. Akakumbuka kuwa mtoto wa Kiboko anaoa, na Mzee ameagiza kapu zima la sukari guru la kupeleka kwa wakwe, ukoo wa Kifaru.

"Umenishinda, Mzee," akasema. "Basi kwa kuwa Nyani ametubu, mpe yeye alinde kapu la wakwe, hapohapo nyumbani kwako, mpaka siku ya kulipeleka. Watu wote waone matunda ya huruma."

Baraza zima lilikuwa likimtazama Kiboko. Akakubali.

Bi Nguchiro akaenda moja kwa moja kwenye shimo la udongo. Akafinyanga mabonge ya udongo, akayafunga vizuri kwa majani ya mgomba, akayapanga kapuni. Juu yake akaweka sukari ya kweli, kidogo tu. Sukari yenyewe ya Kiboko akaifungia kwake. Alijiambia kuwa Nyani akiwa mwaminifu, yeye mwenyewe atalibadilisha kapu kabla ya safari na kumwomba Nyani radhi mbele ya watu.

Hakuhitaji. Asubuhi ya safari alichungulia kapuni, akakuta sukari ya juu imekwisha. Nyani alikuwa ameila yote, kisha akauma bonge la chini yake, karr! Udongo. Sasa angemlalamikia nani? Akalifunga tena, akalirudisha kapuni.

Mzigo wa wakwe hauondoki kwa Kiboko mpaka ufunguliwe mbele ya ukoo. Basi wazee wakakaa, kina mama wakapiga vigelegele, kapu likaletwa. Kabla mtu hajagusa hata jani moja, Nyani akaruka.

"Mzee, si mimi! Ulikuwa udongo tangu mwanzo!"

Vigelegele vikakatika.

"Udongo gani?" akauliza Kiboko.

Alifungua bonge la kwanza, la pili, kapu zima. Ndipo Mzee Kiboko, yule mwenye machozi ya karibu, akanguruma mpaka kuku wakatawanyika. Nyani akatwe mkia! Nyani atoswe mtoni! Nyani akajitupa chini, puu, akalia kwa ufundi wake wote, na safari hii Kiboko hakutoa hata tone.

"Amelia, Mzee," akasema Bi Nguchiro. "Hatumpi ufagio?"

Mtu mmoja nyuma akasema mkuki kwa nguruwe mtamu, Ngiri akamkata jicho. Kiboko aliona aibu, na aliisema: "Nilikuwa nikisamehe vya watu."

Bi Nguchiro akaagiza kapu la kweli liletwe, harusi isiharibike. Ya kumtosa Nyani aliikataa, maana maiti hamlipi Swala fungu lake. Alitaka Nyani asikanyage tena karibu na karai, na mabega yale mapana yasukume mtambo wa kukamulia miwa bila ujira mpaka kila alichoiba kirudi kwa wenyewe. Kiboko akapitisha hukumu hiyo.

Swala alipata fungu lake lote. Mtambo ulilia kwiii, kwiii, na Nyani alilia nao kila siku. Mzee Kiboko akipita njia ile na kusikia kilio, macho yalimjaa, akaongeza mwendo.

Wanangu, kusamehe kilichoibwa kwa mwenzio si huruma, ni kugawa kisicho chako.