Kipa Aliyekosa Mazishi

Hebu tumtazame mama mmoja mjane. Masufuria ya msiba yalikuwa hayajarudishwa kwa wenyewe, polisi wakaja kumchukua mwanawe kwa kosa la kubaka.

Binti wa jirani alikuwa ameshambuliwa kwenye njia ya kisimani, saa ile ile ambayo kijiji kizima kilikuwa makaburini kumzika babu wa kijana huyo. Mtu yule alijifunga kitambaa usoni, kwa hiyo binti aliona fulana ya kijani tu. Kijana alikuwa na fulana ya kijani. Kosa hilo lilikuwa la miaka thelathini jela, na mama hakuwa na mtoto mwingine.

Ukoo ukakaa kikao. Shemeji yake, mkubwa wa ukoo, akasema, "Usilie, shemeji. Sote tutasema alikuwa kaburini. Mjukuu atakosaje kumtupia babu yake udongo?"

"Silii," mama akasema. "Nauliza nani alimwona."

"Tutamwona tukifika mahakamani."

Watu wakacheka. Binamu wa kijana akanyoosha mkono. "Niandikeni na mimi. Nitasema tulisimama bega kwa bega."

Mama hakubishana nao. Akaenda mahabusu.

"Ulikuwa wapi?"

Kijana akainama. "Ng'ambo ya mto, mama. Fainali ya kombe la mbuzi."

"Babu yako anazikwa, wewe unacheza mpira?"

"Mimi ndiye kipa, mama."

"Na huyo mbuzi mlimpata?"

"Hatukumpata."

"Basi umekosa kotekote. Mbona hukusema?"

"Ukoo utanifukuza."

Na kweli. Kwa watu wale, mjukuu asiyemtupia babu yake udongo hahesabiwi tena, harithi hata jembe. Mama alilijua hilo. "Wakufukuze," akasema. "Aliyefukuzwa nitakwenda kumtembelea nipendapo. Aliyefungwa mpaka niombe ruhusa."

Siku ya utetezi ikafika. Shemeji akaapa, akasema kijana alisimama upande wa kichwani mwa kaburi. Binamu akaapa, akasema walisimama wote wawili upande wa miguuni, bega kwa bega. Mwendesha mashtaka hakuwa na haja ya kuuliza zaidi. Hakimu akamtazama kijana kwa jicho jingine kabisa.

Ndipo mama akapanda kizimbani kutoa ushahidi.

"Mheshimiwa, mwanangu hakuwa kaburini. Alitoroka mazishi akaenda kudaka mpira. Ametuaibisha, na kwa hilo tutaonana nyumbani. Lakini saa hiyo alikuwa ng'ambo ya mto, na wakili wetu amewaita waliomwona."

"Ametumaliza," shemeji akanong'ona.

Akaingia refa. "Huyu namkumbuka vizuri. Alikuwa golini na fulana hiyo ya kijani. Nilitoa penalti, akaniita kipofu mbele ya watu. Nikampa kadi ya njano." Watu wakaangua kicheko, na hakimu naye akajifanya anakohoa. Baada ya refa akaja nahodha wa timu pinzani, mtu asiye na sababu yoyote ya kumpenda kipa yule, akasema hayo hayo.

Mwendesha mashtaka akasimama taratibu. Akaomba binamu aitwe tena.

"Huyu alikuwa golini," akamwambia. "Wewe ulisimama bega kwa bega na nani?"

Wapendwa, mmeiona? Binamu mwenyewe hakuwa kaburini. Hakuna aliyemwona makaburini, na hakuna aliyekuwa amemuuliza, maana ukoo wote uliapa kwamba wanaume wake wote walikuwepo. Vipimo vya hospitali, alivyoviepuka siku zote hizo, vikamkuta, vikaonyesha ndiye aliyemshambulia binti. Kijana akaachiwa huru. Wanawake wa ukoo walipoanza vigelegele, mama akawanyamazisha. "Binti wa watu bado hajapata haki yake." Akaenda kukaa na mama wa binti, na kesi ya pili alihudhuria yote. Siku binamu alipohukumiwa ile miaka thelathini, mama wa binti ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza. Yule mjane akaitikia, mahakama nzima ikapokea.

Sasa sisi. Mtoto wetu akikamatwa, tunafanya nini? Tunatafuta wakili, vizuri, ni haki yake. Tunatafuta mashahidi, vizuri pia. Lakini kwa nini tunatafuta na uongo? Tunapotandika shuka la uongo kumfunika mmoja wetu, tunajuaje nani mwingine amejilaza chini yake? Tulimuuliza nani?

Mtaniambia, je, kama mwanangu ametenda kweli? Basi atafungwa, na wewe utampelekea sabuni. Utaendelea kuwa mama yake. Binti wa watu naye ana mama.

Kwa hiyo ukiitwa kutoa ushahidi, sema ulichokiona. Kama hukuona, sema hukuona. Na kina mama, tusiwaachie wakubwa wa ukoo watusemee jambo ambalo hata wao hawakuliona.